Konda miaka 9, dereva mwaka wa 12: nachoka kila siku, kumbe mwili haufanyi kazi

#1 Konda Mstaafu (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni. Muda mrefu nimekuwa msomaji wa kimya humu, leo naomba niongee. Uzi ni mrefu kidogo, mwenye haraka apite, tutakutana mbele.

Mimi ni suka wa Kosta hapa Dar. Kabla ya kushika usukani nilikuwa konda, miaka 9 kamili, gari za Mbagala. Ukonda wa enzi zile haukuwa wa kukaa kwenye boneti na simu. Gari linaondoka unalikimbilia, unadandia, mguu mmoja ndani mmoja nje. Mkono mmoja umeshika bomba, wa pili una noti umezikunja kwa urefu na kuzibana katikati ya vidole, na sarafu unazichezesha kiganjani mpaka abiria anakumbuka mwenyewe kwamba hajalipa. Kituoni unaruka kabla gari halijasimama. Unamshusha mama na ndoo yake ya samaki, unampandisha mwanafunzi, unagonga bodi mara mbili, "twende!", unakimbia tena. Kuanzia saa kumi na moja alfajiri mpaka saa nne usiku. Nilikuwa nakula kama nimetumwa, wali maharage sahani mbili na mihogo ya kukaanga juu yake, na bado suruali ilikuwa namba 30, tena kwa mkanda.

Nikapata leseni, nikawa deiwaka, yaani dereva wa kushikia gari la mwenzake kwa siku, baadaye tajiri mmoja akaniamini akanipa gari. Mama yangu alifurahi mno. Aliwaambia majirani, "Mwanangu sasa amepata kazi ya kukaa." Kwake hiyo ndiyo ilikuwa maana ya kutoka kimaisha, na kwangu pia, nisiwafiche.

Huu ni mwaka wa 12. Suruali ni namba 40. Mwishoni mwa mwaka jana nilianza kuumwa kisogo kila jioni, nikajua ni moshi na foleni. Siku moja nimeegesha gari, nashuka, mguu wa kushoto hausikii. Wa kulia uko sawa, wa kushoto umekufa ganzi mpaka nyongani. Nikaenda zahanati. Nesi akafunga kile kitambaa mkononi, akakipuliza, akaangalia, akakifungua, akafunga upya mkono wa pili. Presha 172 kwa 108. Akaniuliza:

"Baba, unafanya kazi gani?"
"Dereva."
"Kwa hiyo unakaa kutwa."
"Nakaa, lakini nachoka sana."

Akatabasamu, akaandika. Mimi nilikasirika. Niliona haelewi kazi yetu. Masaa 15 barabarani, klachi, gia, honi, trafiki, bodaboda wanaokuja kama nzi, halafu mtu ananiambia nakaa?

Sasa sikilizeni kilichofanya nifungue uzi. Wiki tatu baadaye niko kwenye foleni, siti ya mbele amekaa kijana anayesomea udaktari. Akaona dawa zangu za presha pale kwenye dashibodi. Akaniambia, "Mzee wangu, unajua moja ya sababu madaktari duniani walianza kuamini mazoezi yanalinda moyo ni watu wa kazi yenu?" Nikajua ananitania. Akanieleza kwamba Uingereza, miaka ya 1949 mpaka 1952, daktari mmoja anaitwa Jerry Morris alichunguza wafanyakazi wa mabasi ya London, yale ya ghorofa. Dereva na konda, gari moja, foleni moja, moshi mmoja, mishahara haijapishana sana. Tofauti yao ni kwamba dereva amekaa shifti nzima na konda anapanda na kushuka ngazi kukata tiketi juu na chini, mamia ya ngazi kwa siku. Matokeo yalitoka mwaka 1953. Makonda walipata ugonjwa wa moyo kidogo kuliko madereva, waliopata waliupata umri umesogea zaidi, na haukuwaua haraka kama ulivyowaua madereva.

Wakuu, nilizima injini kabisa. Foleni ilikuwa haisogei, lakini hata ingesogea ningezima. Yule Mzungu alihitaji watu zaidi ya elfu 30 kuona hilo. Mimi nimekuwa wote wawili peke yangu.

Kwa hiyo hoja yangu ni hii, naomba tuijadili bila matusi. Sisi watu wa kazi za mikono na barabara tunapima mwili kwa uchovu. Tukichoka tunasema leo nimefanya mazoezi ya kutosha. Na mimi naona uchovu unatudanganya. Nachoka zaidi sasa kuliko nilipokuwa konda, lakini nikihesabu nilichotembea tangu asubuhi ni kutoka kitandani mpaka kwenye gari, na kwenda chooni.

Nipo hapa, nasoma.

#2 Ngoja Waje

Ngoja waje wajuzi. Mimi nimevuta kiti, nimekaa na kahawa yangu.

#3 Konda Mstaafu

Mkuu Ngoja Waje, ungesimama basi walau kwa heshima ya uzi.

#4 Mzito wa Posta

Braza umenigusa pabaya. Mimi ni mtu wa mahesabu, ofisi ghorofa ya nne, lifti ipo. Kabla sijanunua gari nilikuwa natoka Kimara na mwendokasi. Pale kituoni unasimama, unasukumwa, ndani unasimama mpaka Kivukoni, ukishuka unatembea dakika 12 mpaka ofisini. Nilikuwa naichukia ile safari. Nimekopa, nimenunua kagari kangu, kilo 14 zimeongezeka ndani ya miaka miwili. Mkopo wa gari nimemaliza, sasa nalipa jimu ambayo nimeenda mara tatu tangu Januari.

Halafu hebu tafakarini lugha yetu wenyewe. Mkubwa wa kikao tunamwita nani? Mwenyekiti. Mtu mwenye kiti! Aliyefanikiwa amekaa, asiyefanikiwa anasimama mlangoni akisubiri kuitwa. Kitambi tulikuwa tunakiita cha heshima. Nani ataacha heshima yake kwa hiari?

#5 Lumbesa

Nimesoma mpaka hapa nimecheka, halafu nikaumia.

Mimi ni kuli, sokoni, miaka 17. Viazi, vitunguu, kabichi. Gunia la lumbesa, lile lililojazwa kupita kipimo, mnaliona kwenye picha, mimi nalijua kwa shingo. Linapita kilo 100, na unalipandisha kwenye fuso ukikanyaga ubao wenye upana wa kiganja. Mtaani wananisifia, "huyu haumwi, mazoezi tosha". Nina miaka 43. Magoti yote mawili yanalia nikichuchumaa. Nimepasuliwa ngiri mara moja. Mwenzangu tuliyeanza naye kazi alianguka na gunia akiwa na miaka 39, wakasema ni moyo, tukamzika kesho yake.

Kwa hiyo konda mstaafu nakuheshimu, ila usiwaambie watu kwamba anayehamahama anapona. Sisi hatukai kabisa. Tungekuwa tunaishi miaka 100.

#6 Mbishi wa Hoja

Mleta mada, hadithi nzuri lakini ina matundu. Moja, wewe ulikuwa konda ukiwa kijana na dereva ukiwa mtu mzima. Umri umeusahau? Mbili, konda hana hela ya chipsi mayai, dereva anapelekewa dirishani na soda baridi. Tatu, na hao wa London, nani kasema udereva ndio uliowaharibu? Huenda wanene ndio waliokwenda kuomba udereva tangu mwanzo, wembamba wakaenda ukonda. Hapo utafiti wote chali.

#7 Konda Mstaafu

Mbishi, la chipsi mayai umenikamata, sina utetezi. Na soda si moja. La umri pia lina ukweli. Ila baba yangu ana miaka 74, analima Mkuranga, tumbo lake limeingia ndani. Mimi ni 46.

La tatu wajibu wajuzi.

#8 Mnyoosha Viungo

Heshima kwenu wakubwa zangu. Mimi nafanya fiziotherapia, naona migongo na magoti kutwa nzima. Nijibu kwa vipande kwa kuwa niko zamu.

Kaka Mbishi, swali lako aliliuliza Morris mwenyewe, na nampendea hapo. Yeye na wenzake walichukua kumbukumbu za sare. Kampuni ya mabasi ilikuwa inawashonea wafanyakazi nguo, kwa hiyo vipimo vya viuno vipo kwenye daftari. Mwaka 1956 wakachapisha kwamba suruali za madereva zilikuwa pana kuliko za makonda katika kila rika, hata kwa vijana. Maana yake ni kweli, sehemu ya tofauti ilikuwepo tangu wanaingia kazini. Lakini hakuishia kwenye mabasi. Aliwatazama pia watu wa posta, na aliyekuwa akisambaza barua kwa miguu na baiskeli alikuwa na nafuu kuliko karani aliyekaa. Baada ya hapo zimefanyika tafiti nyingi nchi nyingine na njia imekuwa ileile.

Sasa kaka Lumbesa. Pole kwa mwenzio. Ulichosema si kupinga uzi, ni nusu yake ya pili. Kuna watafiti, hasa wa Denmark, wamekuwa wakilichimba hili, wanakiita kitendawili: kutembeatembea na michezo ya mapumzikoni kunaulinda moyo, lakini kazi nzito ya kutwa mara nyingi hailindi, na kuna ambao inawaumiza. Fikiria mkimbiaji. Anapandisha mapigo ya moyo nusu saa, anaacha, anakunywa maji, analala, kesho kutwa anarudia. Wewe mapigo yako yamepanda saa kumi bila kushuka. Tena kubeba si sawa na kutembea. Ukiwa chini ya gunia umebana pumzi, misuli imekaza bila kulegea, presha inaruka juu muda huohuo. Na huwezi kusema leo nimechoka nabeba nusu gunia. Anayekimbia ufukweni anaamua mwenyewe asimame wapi.

Kwa hiyo uchovu wa Lumbesa na uchovu wa Konda Mstaafu vinafanana kwa jina tu. Mmoja mwili umetumika kupita kiasi bila kupewa nafasi ya kujijenga. Wa pili akili, macho na mishipa ya shingo vimechoka, huku mapaja na makalio, misuli mikubwa kuliko yote, imelala tangu alfajiri. Na misuli hiyo ikifanya kazi ndiyo inayochota sukari kwenye damu. Ikilala, sukari inazurura.

Ule mguu wa kushoto uliokufa ganzi, kaka, ni wa klachi?

#9 Konda Mstaafu

Ndiyo dada yangu, wa klachi. Hapo sikuwaza.

Kosta yangu siti imebonyea upande mmoja, nimeweka mto wa sponji ambao nao umebonyea. Kwenye foleni mguu wa kushoto unapanda na kushuka kwa inchi mbili tatu, saa nzima. Wa kulia umetulia kwenye breki. Boneti ubavuni inanichoma. Ndiyo mazoezi yangu hayo.

#10 Mama Mtungi

Mimi naandika kutoka Kenya, upande wa Nyando. Nimeona hapa mko wanaume mnajadili gari na magunia, hakuna aliyekumbuka nani anabeba maji ya kuoga hao madereva.

Nyanya yangu alibeba kwa kichwa maisha yake yote. Mwaka 1986 wanasayansi walichapisha utafiti uliofanywa Kenya hapa, kwa wanawake Waluo wanaobeba kichwani na Wakikuyu wanaobeba mgongoni na kamba imepita kwa paji la uso. Waliwatembeza wakipima pumzi, wakakuta mzigo ukiwa hadi asilimia 20 ya uzito wa mwili, mwanamke hatumii nguvu yoyote ya ziada kuliko akitembea mikono mitupu. Wazungu walishangaa sana. Sisi hatukushangaa, tulijua dada zetu wanatembea vile wanatembea.

Lakini fanyeni hesabu. Mwanamke wa kilo 60, asilimia 20 ni kilo 12. Mtungi wa maji wa lita 20 ni kilo 20, na mtungi wenyewe bado. Kwa hivyo ile bure inaisha mtungi ukijaa zaidi ya nusu, na hakuna mtu anatembea kilomita mbili hadi mtoni arudi na nusu mtungi. Nyanya shingo ilimsumbua hadi alipoaga.

Sasa mimi nina bomba uani. Nimshukuru Mungu, na sitaki mtu aniambie nirudi mtoni ndio niwe na afya. Ila ni kweli pia nimenenepa.

#11 Mzito wa Posta

Mama Mtungi, hiyo sentensi ya mwisho ningekuwa na kofia ningeivua.

#12 Basi Jekundu

Salamu kutoka London kwenye baridi. Mleta mada, nimefurahi kuona mabasi yetu yametajwa. Kwa taarifa tu, makonda hawapo tena. Yale mabasi ya zamani yenye mlango wazi nyuma, Routemaster, yaliondolewa kwenye njia za kawaida mwaka 2005, na makonda wakaondoka nayo. Siku hizi unagusa kadi, dereva yuko nyuma ya kioo, hamsalimiani. Yaani ile nusu iliyokuwa na afya ndiyo iliyofutwa kazi, waliokaa wakabaki.

Morris mwenyewe alifariki mwaka 2009 akiwa na miaka 99. Sijui tumhesabu kwenye utafiti wake au vipi.

#13 Hatua Elfu Kumi

Tatizo lenu mnaongea sana. Nunueni saa ya kuhesabu hatua, 10,000 kwa siku, kwisha. Mimi natimiza kila siku, siku hatua zikipungua nazunguka sebuleni usiku mpaka mke wangu anazima taa.

#14 Mnyoosha Viungo

😂 Kaka, usimsumbue shemeji bure. Hiyo 10,000 haikutoka maabara. Mwaka 1965 Wajapani walitoa kifaa cha kuhesabu hatua, jina lake manpo-kei, maana yake ni kipimo cha hatua elfu kumi. Ilikuwa mwaka mmoja baada ya Olimpiki ya Tokyo, watu wana mwamko wa michezo, na namba ile ni nzuri kutamka. Biashara ilikwenda, namba ikabaki. Mwaka 2019 kulitoka utafiti wa wanawake wa Marekani wenye umri mkubwa, wastani miaka 72, ambao nafuu ya vifo ilianza kuonekana wakifika kama hatua 4,400, ikaendelea mpaka kama 7,500, baada ya hapo mstari ukalala. Wewe ni kijana, endelea na elfu kumi zako, ila mwenye 5,000 asijione hana lolote.

Na jingine linalowafaa madereva. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate dakika 150 mpaka 300 za kujishughulisha kwa kiasi kila wiki, ile ya kuhema kidogo lakini bado unaweza kuongea. Zamani walikuwa wanasema isiwe chini ya dakika kumi mfululizo ndiyo ihesabike. Kwenye mwongozo wa mwaka 2020 sharti hilo limeondolewa. Dakika tatu zinahesabika. Dakika tatu kaka Konda anazo nyingi tu akisubiri zamu.

Dawa usiache, na usianze kwa kukimbia. 172 siyo namba ya kukimbia nayo.

#15 Vitunguu Mang'ola

Nimechelewa kufika, huku mtandao ni wa kubahatisha. Nalima vitunguu Mang'ola, karibu na Ziwa Eyasi, majirani zangu ni Wahadzabe, watu wa kuwinda na kuchuma porini. Kila mwaka wanakuja watafiti na mashine za kuvalisha watu. Nilimuuliza mmoja mnatafuta nini, akanieleza mambo mawili nikadhani kakosea.

La kwanza, Mhadzabe anatembea na kuhangaika porini zaidi ya saa mbili kwa siku, lakini ukipima nguvu anayochoma kwa siku nzima, ukizingatia ukubwa wa mwili wake, haipishani na ya Mmarekani wa ofisini. Matokeo hayo yalitoka mwaka 2012. Mwili unajibana kwingine. Kwa hiyo wanaotembea ili kupunguza kitambi bila kugusa sahani, samahani sana.

La pili, wanapumzika kama saa kumi kwa siku. Saa kumi! Sawa na watu wa ofisini. Lakini hawana viti. Wanachuchumaa, wanapiga magoti, wanakaa chini, na misuli ya miguu inakuwa imeamka kidogo muda wote. Presha na kolesteroli zao ziko vizuri mpaka uzeeni.

Mimi baada ya kusikia hayo nilijaribu kuchuchumaa nikipanga vitunguu badala ya kukalia ndoo. Dakika nne. Nikaomba mkono wa kuinuliwa.

#16 Mbishi wa Hoja

Vitunguu, hiyo ya kwanza inamuumbua mleta mada au mimi sielewi? Kama nguvu ni ileile, kitambi chake si cha kiti, ni cha chipsi.

#17 Mnyoosha Viungo

Kitambi, kwa sehemu kubwa ndiyo, ni cha chipsi. Presha, sukari, mguu wa ganzi na kuhema ukipanda ngazi tatu, kiti kina mkono wake. Mtu mwembamba anayekaa kutwa hajasalimika, na mnene anayetembea ana nafuu kuliko mnene asiyetembea. Tukipima kila kitu kwa mizani tu tutakata tamaa wiki ya pili, kwa sababu mizani haitasogea.

#18 Sie wa Unguja

Sie huku Januari mosi ndiyo siku yetu ya mazoezi kitaifa, vikundi vinatoka mitaani na fulana zao asubuhi na mapema, ngoma na nyimbo, raha tupu. Bara nanyi mna Jumamosi ya pili ya mwezi, ilizinduliwa 2016, sijui wangapi bado mnaikumbuka. Kigali mwaka huohuo walianza kufunga barabara kwa magari siku za Jumapili ili watu watembee.

Lakini mimi nawauliza, dereva wa Kosta Jumamosi anaipata wapi? Jumamosi ndiyo siku ya hesabu nzuri. Mazoezi ya fulana yanamfaa mwenye wikiendi. Sheikh wangu mleta mada anahitaji kitu cha ndani ya kazi yake.

#19 Lumbesa

Hapo Unguja umeongea. Na mimi sihitaji fulana, nahitaji gunia lipungue. Sheria ya lumbesa ipo, kilo 100 mwisho, lakini nenda sokoni alfajiri uone mlima ulioshonewa juu ya gunia kwa kamba ya katani. Mchuuzi anapata viazi vya bure, mkulima anaibiwa, halafu goti linalolipa ni langu. Dada Mnyoosha, nikilala mchana nusu saa kati ya mizigo, nitakuwa najidanganya?

#20 Mnyoosha Viungo

Hapana kaka, hiyo kwako ni dawa. Kila mtu hapa anaambiwa asimame, wewe nakwambia lala. Na jioni, kama goti linaruhusu, tembea taratibu dakika 20 bila kitu kichwani. Mwili wako hujauonyesha siku nyingi kutembea kwa uhuru kunakuwaje.

#21 Ngoja Waje

Bado nipo. Nimesimama sasa.

#22 Konda Mstaafu

Wakuu, mrejesho. Imepita miezi miwili na nusu, wengine mlidhani nimeshazikwa.

Niliwasikiliza wote, hata Mbishi. Hesabu ya tajiri, ile hela ya kumpelekea kila siku, haijapungua, kwa hiyo masaa ni yaleyale. Nilichobadilisha ni mwisho wa ruti. Pale Makumbusho tunasubiri zamu, wakati mwingine dakika 15, wakati mwingine 40. Miaka 11 nimekuwa nikiegemeza siti nyuma, nafungua shati, nalala mdomo wazi. Konda wangu ni kijana mwenye leseni daraja C, naye ananyemelea udereva. Nikamwambia, dogo, kuanzia leo gari likifika mwisho, wewe ingia kwenye kiti, lisogeze kwenye foleni, mimi nashuka napiga debe.

Siku ya kwanza wapiga debe walinishangilia kwa kejeli. "Suka kafilisika!" Nimeita abiria dakika kumi sauti ikakauka, nimembebea bibi mmoja kiroba cha unga mpaka ndani, nimerudi kwenye usukani naloa jasho na moyo unagonga. Usiku mapaja yaliniuma kwa namna niliyoisahau. Nikamwambia mke wangu, akacheka, akasema, "Umeshuka cheo."

Sasa ni mzunguko mara sita au saba kwa siku. Chipsi ni Ijumaa tu, soda nimeiacha isipokuwa siku mbili nilizoteleza, sitawadanganya. Dawa nakunywa. Juzi kwa yule nesi ilikuwa 146 kwa 92. Hakusema hongera, alisema bado iko juu, rudi baada ya mwezi. Suruali ni namba 40 ileile, ila sasa naweza kufunga kamba za viatu bila kushika pumzi. Mguu wa kushoto ganzi imepungua, haijaisha. Fundi ameniwekea siti nyingine, ya kuokoteza gereji, lakini haijabonyea.

Kinachonisumbua ni dogo. Wiki iliyopita nimemwona anateremka kwenye kiti taratibu, anajinyoosha mgongo na kupiga miayo kama mimi, na ana miaka 24. Juzi nikamkuta amenunua mto wa sponji. Nimeuficha chini ya boneti, hajauona bado.

Ngoja niishie hapa wakuu, gari la mbele limeondoka na zamu yangu ya kuita imefika.